Nyumba ya Urithi na Mnunuzi wa Mapema: Tuhesabu Kwanza, Kisha Tujibu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa masuala ya mirathi yanayotujia mara kwa mara katika miaka hii ni hili: mzee amefariki, mama yuko edani, watoto hawajakaa kikao hata kimoja, na tayari dalali ameshabisha hodi. Ana mteja. Mteja anaitaka nyumba, analipa taslimu, bei aliyoitaja inasikika kubwa, lakini jibu analitaka wiki hii. Familia inagawika papo hapo. Mmoja anasema riziki ikija haifukuzwi. Mwengine anasema nyumba ya baba haiuzwi. Wote wawili wametoa jibu kabla ya kujua wanajibu nini.

Ndugu zangu, kuuza nyumba ya urithi ni halali, na kuiweka ni halali. Mnunuzi anayekuja mapema hakufanya dhambi kwa kuja kwake. Lakini kukubali bei kabla ya warithi kujua walichonacho kunafungua mlango wa dhulma. Na kukaa miaka bila ya jibu, baada ya kila kitu kujulikana, kunafungua mlango huo huo kwa upande wa pili. Makala hii inataka kuonesha njia baina ya milango miwili hiyo.

Kwa nini wanunuzi wanawahi

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Nyumba iliyokuwa ya familia moja, yenye ukumbi, kiwanda cha ndani na ngazi ya mawe, leo inaweza kuwa hoteli, duka la vitu vya sanaa au nyumba ya kulaza wageni. Nje ya mji, kutoka Fumba hadi Nungwi na Paje, ardhi inatafutwa kwa pesa ambazo wazee wetu hawakuzifikiria. Anayetafuta nyumba anajua kwamba wakati mwepesi wa kununua ni pale mwenyewe amefariki karibuni: warithi wana huzuni, wana gharama, wengine wako Maskati, Dubai, London au Dar es Salaam na wanataka kurudi makazini, na hakuna hata mmoja anayejua bei ya leo ya mtaa ule.

Hapa tukumbuke mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wasafiri na kununua bidhaa zao kabla hazijafika sokoni. Katika mapokezi ya Imam Muslim, muuzaji aliyeuzia njiani, akishafika sokoni, ana khiyari. Wanavyuoni wameeleza sababu: yule aliyetoka kuwalaki anaijua bei, na yule anayekuja haijui. Sisemi kwamba kila mnunuzi wa nyumba ya urithi hukumu yake ni hiyo. Nasema maana iko karibu. Warithi waliotoka makaburini jana ni wasafiri ambao bado hawajafika sokoni.

Na lipo jambo la kuogopesha zaidi. Katika madhhabi yetu ya Imam Shafi, kuuza kwa bei ya chini peke yake, pasipo udanganyifu, hakumpi muuzaji haki ya kuvunja mauzo. Aliyesaini akiwa mtu mzima mwenye akili yake, kisha akasikia kwamba nyumba ya jirani imeuzwa mara mbili ya ile, majuto yake hayamrejeshei kitu. Kwa hiyo uangalifu wote uwe kabla ya saini.

Mambo ya kujulikana kabla ya kuzungumza bei

La kwanza: nyumba ni ya marehemu kweli? Katika miji yetu zimo nyumba nyingi za wakfu, zikiwemo za wakfu wa kizazi, ambazo watu wamezaliwa ndani yake wakidhani ni milki. Wakfu hauuzwi, haupewi mtu zawadi wala haurithiwi, kama yalivyokuwa masharti ya Sayyidna Umar (R.A.) katika ardhi yake ya Khaybar. Ulizeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kabla ya jambo jengine. Kisha tazameni hati. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 mwananchi hupewa haki ya matumizi. Zipo nyumba ambazo hati yake bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Hapo mirathi ni mbili au tatu, na walio katika kikao huenda si warithi wote.

La pili: madeni. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa ametaja mafungu ya warithi na akarudia kwamba yote hayo ni baada ya wasia na deni. Gharama za mazishi, madeni ya watu, mahari ya mke yaliyobaki, zaka iliyokuwa haijatolewa, Hija iliyomlazimu na hakuitekeleza: haya yanatangulia. Kisha wasia usiozidi thuluthi, na usiwe kwa mrithi ila warithi wenziwe wakiridhia. Familia inayogawana pesa za nyumba wakati mzee anadaiwa imegawana mali ya mtu mwengine.

La tatu: mjane. Eda ya kufiliwa ni miezi minne na siku kumi, na kwa mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Kauli yenye nguvu katika madhhabi yetu ni kuwa mjane ana haki ya kukaa eda yake katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Hata wakikubaliana kuuza, hatolewi. Dalali kuingiza watu kupima vyumba wakati mama amekaa edani ni utovu wa adabu ambao watoto hawapaswi kuuruhusu. Na kama mjane ana mimba, kilichomo tumboni nacho kina fungu la kuwekwa.

La nne: watoto wadogo. Ikiwa miongoni mwa warithi yumo asiyebaleghe, basi kaka mkubwa, ami au hata mama hawana mamlaka ya kuuza fungu lake kwa sababu tu wao ndio wakubwa. Kwa madhhabi yetu, baba akishafariki, usimamizi wa mali ya yatima ni wa babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa, kisha Kadhi. Na msimamizi mwenyewe hauzi nyumba au shamba la yatima ila kwa haja, kama chakula na matibabu yasiyo na njia nyengine, au kwa faida iliyo wazi, yaani bei iliyozidi thamani ya kweli. Mwenyezi Mungu amewatisha wanaokula mali za mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake wametangulia, hadaiwi na hakuusia. Mjane ana thumuni, na kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Nyumba inakuwa mafungu 8: mjane 1, kila mtoto wa kiume 2, kila mtoto wa kike 1.

Mnunuzi ametaja shilingi milioni 240. Kila fungu ni milioni 30, na kwa mtu asiyewahi kushika milioni kumi hii ni bei nzuri. Lakini mtathmini anakuja na kusema thamani ni milioni 320. Kila fungu sasa ni milioni 40. Kaka aliyetaka kusaini haraka kwa sababu ana deni la gari angepoteza milioni 20 zake kwa hiari yake. Lakini angempotezea pia mama yake milioni 10, na kila dada yake milioni 10, na wao hawana deni la gari. Ndiyo maana wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tugeuze upande. Familia hiyo hiyo inakataa 240 na inapata mteja wa 300. Inakataa tena, kwa kutaka 320 kamili. Miaka miwili inapita. Nyumba imefungwa, paa linavuja, na matengenezo yanataka milioni 50. Kisha mtoto mmoja wa kiume anafariki, ameacha mke na watoto wawili wadogo. Wenye haki walikuwa 6, sasa ni 8, na wawili kati yao ni mayatima ambao fungu lao haliuzwi ila kwa njia ya Kadhi. Wanavyuoni wanaiita hali hii munasakha, mirathi kuingia ndani ya mirathi. Aliyeikataa 300 hakuijua hesabu hii, au aliijua na akaidharau.

Tusisahau kwamba nyumba zetu za mawe, chokaa na boriti hazisubiri. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo linalojulikana kuliko yote mjini, iliporomoka na kuua. Nyumba ya kawaida ya warithi ishirini wasioelewana ina mlinzi gani? Na iliyomo Mji Mkongwe haitengenezwi kiholela. Inapitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kuitengeneza inavyotakiwa ni ghali. Mwenye kusema tusiuze aulizwe: nani atalipia paa?

Kuipima bei ya mapema

Familia iliyokwisha jua hayo manne inaweza kuitazama bei kwa macho makavu.

Leteni mtathmini aliyesajiliwa, mumlipe nyinyi. Asiletwe na mnunuzi wala dalali. Gharama yake ni ndogo mbele ya kupunjwa. Ulizeni pia nyumba zilizouzwa karibuni mtaani kwenu zimeuzwa kwa kiasi gani. Anayeuliza bei ya kuuzwa anapata ukweli zaidi kuliko anayeuliza bei inayotakwa.

Ondoeni ada ya dalali, kodi na gharama za uhamisho kabla ya kugawa. Mgao ni wa kinachobaki.

Muulizeni mnunuzi halisi ni nani. Mgeni kutoka nje ya nchi hapati ardhi kama anavyoipata mwananchi; njia yake ni ukodishaji wa uwekezaji. Anayetaka kununua kwa kujificha nyuma ya jina la mwenyeji anawaingiza katika mkataba wenye uongo, na mgogoro wake utawarudia.

Msikubali kuandika bei ndogo katika mkataba kuliko inayolipwa. Ni uongo, na siku ya kesi karatasi ndiyo itakayosema.

Mnunuzi mpya akitokea ghafla kupandisha bei, hakikisheni ni mnunuzi kweli. Kutaja bei bila nia ya kununua, ili mwengine apandishe, ni najshi, na Mtume (S.A.W.) ameikataza. Hayo hufanywa na madalali, na wakati mwengine na warithi wenyewe.

Na arabuni msiipokee kabla ya wote kuridhia. Kaka mmoja akishachukua milioni tano, kikao hakina uhuru tena. Kwa madhhabi yetu mauzo ya arabuni, yale ambayo muuzaji huichukua moja kwa moja mnunuzi akiacha, hayasihi. Madhhabi ya Imam Ahmad wanaruhusu. Kujiepusha na khilafu hiyo ni salama.

Ridhaa ni ya kila mmoja

Kila mrithi aliyebaleghe anamiliki fungu lake tangu roho ya marehemu ilipotoka. Anaweza kuliuza yeye. Hawezi kuuza la mwenziwe ila kwa uwakala, na aliye nje ya nchi aandike hati ya uwakala inayotaja nyumba ipi na bei ya chini kiasi gani. Ukimya wa bikira katika nikaha una hukumu yake. Ukimya wa dada katika kundi la WhatsApp hauuzi nyumba. Imam Shafi (R.A.) mwenyewe ameweka msingi kwamba aliyenyamaza habandikwi kauli.

Na tuseme wazi jambo linaloumiza. Wako akinadada wanaoombwa wasamehe mafungu yao ili nyumba ibaki kwa kaka, nao husamehe kwa kuona haya mbele ya wazee. Kilichotolewa kwa haya bila ya ridhaa ya moyo hakimhalalikii aliyekipokea. Apewe kwanza mkononi, kisha akitaka kutoa, atoe.

Mtu wa ndani anatangulizwa mbele ya mtu wa nje. Mtume (S.A.W.) amemtaka mwenye mshirika katika nyumba au shamba asiuze mpaka amjuulishe mshirika wake, na amehukumu haki ya shuf'a katika kisichogawanywa: mrithi mmoja akimuuzia mgeni fungu lake, wenziwe wana haki ya kulichukua kwa bei ile ile, na waharakishe wanapopata habari. Wanavyuoni wetu wamekhitalifiana juu ya nyumba ndogo isiyogawika, lakini agizo la kumjuulisha mwenzako liko pale pale. Angalieni, ni bei ile ile. Kaka anayetaka kuibakisha nyumba alipe alichotaja mgeni. Akisema yeye ni wa nyumbani apunguziwe, basi aombe, asilazimishe.

Mmoja ana dhiki, wengine wanaweza kusubiri

Hii ndiyo hali nzito kuliko zote. Dada ana mtoto wa kupelekwa hospitali, au kaka hana kazi, na milioni 30 za leo kwake ni bora kuliko 40 za mwakani. Wengine wana mishahara na wanasema subira ni ibada. Subira ya aliyeshiba kumlazimisha mwenye njaa siyo iliyosifiwa. Mtume (S.A.W.) amezuia madhara na kudhuriana. Wenye uwezo wana njia mbili za haki: wamnunulie fungu lake kwa thamani aliyosema mtathmini, au wamkopeshe bila riba mpaka nyumba iuzwe. Wakishindwa zote mbili, na bei iliyopo iko karibu na thamani, basi kuuza mapema ndio uadilifu. Wasipokubaliana, Mahakama ya Kadhi ipo, na kwenda kwa Kadhi si kuvunja udugu. Kinachovunja udugu ni kaka anayeishi ndani ya nyumba miaka kumi bila ya kodi, na kila mteja akija anasema bei ndogo. Kama nyumba inakaliwa na mmoja au imekodishwa, kodi ni ya wote kwa mafungu yao, na iandikwe tangu mwezi wa mwanzo.

Jambo moja wanalolisahau wengi: pesa zitakwenda wapi? Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kwamba anayeuza nyumba au ardhi, kisha asiiweke thamani yake katika mfano wake, hana baraka katika pesa hizo. Nyumba ya mji ikigeuka kiwanja, banda la kukodisha au nyumba ndogo ya mama, urithi umebadili sura tu. Ikigeuka arusi na simu, umekwisha. Kila mrithi ajibu swali hili kabla ya kusaini, kwani bei kubwa yenye kupotea ni ndogo kuliko bei ya wastani yenye kukaa.

Basi mnunuzi ajibiwe nini?

Ajibiwe kwa adabu na kwa tarehe. Aambiwe: tumekusikia, tumeandika bei yako, marehemu ana madeni tunayoyahakikisha na warithi tunaowakusanya, tutakupa jibu siku fulani. Mwezi mmoja au miwili inatosha kwa familia nyingi, na palipo na mjane, kumaliza eda kwanza kuna heshima zaidi. Mnunuzi mwenye nia njema atangoja. Anayesema leo au basi, muacheni aende. Huenda anajua kitu kuhusu thamani ya nyumba yenu ambacho nyinyi hamjakijua.

Na tarehe hiyo iwalazimishe warithi pia. Ikifika, hesabu iwe mezani, wote wamesikilizwa, istikhara imeswaliwa, na jibu litoke: ndiyo, hapana, au bei yetu ni hii. Watu wetu wana methali mbili. Mmoja husema haraka haraka haina baraka, mwengine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni kweli, na kila moja ina wakati wake. Kabla ya hesabu, ya kwanza. Baada ya hesabu, ya pili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotuachia nyumba hizi kwa jasho lao, azitie nyoyo za watoto wao uadilifu na huruma, na asiifanye mali yao kuwa sababu ya kukatana. Amin.

Wallahu a'lam.